Piano ya Huzuni na Masikio ya Wengine: Namna ya Kuomba Maoni Yenye Faida

Wapiga piano wengi wanaotoa kipande walichokibuni papo hapo hukisindikiza na swali moja tu: mnaonaje? Majibu yanayorudi nayo huwa mafupi vivyo hivyo. Nzuri sana. Hongera. Imenigusa. Mungu azidi kukuinua. Hakuna ubaya katika maneno hayo, na kwa mtu aliyetoa kitu cha moyoni yanatia joto. Lakini kesho yake mpigaji akikaa tena kwenye kiti chake, hana la kufanya nayo. Hajui ni kifungu kipi kilichogusa, wala mahali gani msikilizaji alianza kuangalia saa. Wengi huwalaumu wasikilizaji kwa hilo: hawajui muziki, hawasemi ukweli, hawana muda. Hoja ya mwongozo huu ni tofauti. Ubora wa maoni huamuliwa na anayeyaomba, kabla ya msikilizaji kusikia hata noti moja: kwa rekodi anayoichagua, maneno anayoyatanguliza, watu anaowatumia na maswali anayowauliza. Aliyeuliza jambo la jumla hujibiwa kwa jumla.

Tuanze na asili ya muziki wenyewe. Wimbo ulioandikwa unaweza kurekebishwa mstari kwa mstari. Kipande cha kubuni papo hapo kimekwisha pale kidole cha mwisho kilipoinuka. Tarehe 24 Januari 1975, Keith Jarrett wa Marekani alipiga onyesho zima la kubuni katika jumba la opera la Köln, Ujerumani, kwa piano ambayo siyo aliyoiomba. Ilikuwa ndogo, sauti zake za juu nyembamba na za chini hazina nguvu. Jarrett akakaa zaidi katikati ya vibonye, na mkono wa kushoto ukawa unarudia mafungu yale yale ili kuziba udhaifu wa besi. Rekodi ya usiku ule imeuzwa mamilioni ya nakala. Hata hivyo, kwa miaka mingi Jarrett alikataa muziki huo uandikwe kwa noti, na alipokubali hatimaye alishauri kwamba anayetaka kuupiga aifanye rekodi yenyewe kuwa marejeo yake ya mwisho. Msimamo huo una funzo kwa anayeomba maoni. Msikilizaji hawezi kukusaidia kutengeneza upya kitu ambacho hakitarudi kilivyokuwa. Anachoweza ni kukueleza kilichompata alipokuwa akisikiliza, na wewe ukakitumia mara nyingine unapobuni. Kwa hiyo unachohitaji kutoka kwake ni taarifa, siyo alama za mtihani.

Kuna ushahidi kwamba tofauti hii ya taarifa na alama si ndogo. Mwaka 1996 wanasaikolojia Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi kuhusu maoni ambayo watu hupewa juu ya kazi zao, wakalinganisha matokeo 607. Kwa wastani maoni yaliinua utendaji, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo yaliushusha. Maelezo yao ni kwamba maoni hupoteza nguvu kadiri yanavyomtoa mtu kwenye kazi na kumrudisha kwenye nafsi yake. Hapa sifa na shutuma ni ndugu: "una kipaji" na "piano hujaiweza" yote mawili yanamzungumzia mtu, wala hayasemi lolote kuhusu dakika ya pili ya kipande. Muziki wa huzuni unaongeza hatari hiyo, kwa sababu msikilizaji hudhani anasikia moja kwa moja hali ya moyo wa mpigaji. Mtume ndugu au rafiki kipande kizito, na kuna uwezekano mkubwa akajibu: pole, kuna nini? Huo ni utu, na unastahili shukrani, lakini mazungumzo yameshahama kutoka kwenye muziki kwenda kwa mwenye muziki. Kazi yako ni kuyarudisha, na njia nyepesi ni kuyapanga mapema.

Hatua ya kwanza, basi, ni kutotuma usiku ule ule. Charles Limb na Allen Braun walipochunguza ubongo wa wapiga piano 6 wa jazi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, waliona kwamba wakati wa kubuni, baadhi ya sehemu za mbele za ubongo zinazohusishwa na kujikagua hupunguza kazi. Utafiti wa watu 6 usibebeshwe mzigo mkubwa, lakini unalingana na jambo ambalo mpigaji yeyote anaweza kulijaribu mwenyewe: saa moja baada ya kupiga, bado unasikia ulichokusudia kuliko kilichotoka. Acha rekodi ilale siku mbili tatu. Kisha isikilize mara moja bila kuisimamisha na bila kugusa piano, ukiandika dakika na sekunde za mahali palipokushtua, palipokuchosha na palipokufanya usahau kuwa unajisikiliza. Maandishi hayo yaweke kwako. Yatafanya kazi baadaye. Kama una rekodi tatu, chagua moja, maana msikilizaji aliyepewa tatu huanza kushindanisha badala ya kusikiliza. Dakika 3 hadi 5 zinatosha. Kipande kikiwa kirefu zaidi, toa sehemu yenye mwanzo na mwisho wake, useme wazi kuwa ni sehemu. Usiunge vipande viwili ukaviita kimoja, kwa sababu utakuwa unaomba maoni juu ya kitu ambacho hukukipiga.

Rekodi yenyewe inastahili uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Patrik Juslin na Petri Laukka, katika mapitio yao ya mwaka 2003 ya tafiti za namna hisia zinavyobebwa na sauti ya mtu na ya ala, walionyesha kwamba huzuni huenda pamoja na mwendo wa polepole, sauti ya chini na mabadiliko madogo ya nguvu. Mambo hayo ndiyo simu huyaharibu kwanza. Simu nyingi hujipandishia zenyewe kiwango cha sauti pale muziki unapofifia na kukishusha unapopanda, hivyo noti uliyoigusa kwa woga inatoka sawa na uliyoibonyeza kwa nguvu. Ukipata programu ya kurekodi inayoruhusu kuzima kujirekebisha huko, itumie. Usiweke simu juu ya piano, ambako itameza mtikisiko wa mbao; iweke mita moja au mbili pembeni, juu ya kitu laini, ikiwa imezimwa mawasiliano. Jaribu kwanza kifungu chenye nguvu kuliko vyote ili sauti isipasuke. Mwishoni usikate hadi mlio wa mwisho ufe wenyewe, kwa kuwa katika muziki wa aina hii ukimya ni sehemu ya kipande. Na unapotuma, tuma faili kamili la sauti badala ya ujumbe wa sauti wa kawaida, ambao hubanwa kwa ajili ya mazungumzo. Mwombe msikilizaji avae spika za masikioni, au angalau akuambie alisikilizia nini. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti za chini sawasawa, na mtu anayekuambia kwamba kipande hakina uzito huenda hakuusikia mkono wako wa kushoto kabisa.

Baada ya rekodi huja maneno ya kutanguliza, na hapa kanuni ni kusema machache. Ukikiita kipande chako "Machozi ya Mama" na kueleza kwamba ulikipiga wiki ya msiba, umeshamjibia msikilizaji maswali yote, na atakachorudisha ni maelezo yako mwenyewe. Nguvu ya jina si ya kupuuza. Abdullah Ibrahim wa Afrika Kusini alirekodi "Mannenberg" mjini Cape Town mwaka 1974, muziki uliozaliwa kwa kubuni palepale studio. Ulipewa jina la mtaa ambako walipelekwa wengi wa waliohamishwa kwa nguvu na serikali ya ubaguzi wa rangi, na wasikilizaji wakaugeuza kuwa wimbo wa kupinga utawala huo. Jina na historia vilibeba maana ambayo noti peke yake zisingeibeba. Kwa sababu hiyo hiyo, jina na hadithi ya kipande visubiri hadi maoni ya kwanza yarudi. Hata neno huzuni usilitaje. Mpiga piano wa jazi Bill Evans alirekodi "Peace Piece" mwaka 1958 kwa kubuni juu ya kordi mbili zinazojirudia tangu mwanzo hadi mwisho, na kipande hicho kiko kwenye meja, ule mtiririko unaotulia kwenye "do", ambao kwenye kwaya huitwa wa furaha. Wapo wanaosikia ndani yake upweke, wapo wanaosikia utulivu. Ukimwambia mtu mapema asikie nini, umejinyima nafasi ya kujua muziki wenyewe ulisema nini.

Watu wa kuwatumia wawe wachache, watatu hadi watano, na wasifanane. Mmoja awe anapiga ala, ili akuambie kuhusu pedali iliyoachwa chini muda mrefu hadi kordi zikachafuana, au mkono wa kulia unaorudi kwenye kifungu kile kile kwa mazoea. Mmoja awe msikilizaji wa kawaida mwenye tabia ya kusikiliza muziki hadi mwisho. Mmoja, ikiwezekana, awe mtu ambaye hana sababu ya kukubembeleza. Muhimu kuliko yote, watumie mmoja mmoja, siyo katika kundi. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha jaribio lililowahusisha watu zaidi ya 14,000 waliosikiliza nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Walioonyeshwa chaguo za wenzao walifuatana, nyimbo chache zikapaa kuliko zilivyopaa kwa wale waliochagua peke yao, na ikawa vigumu zaidi kutabiri ipi ingepaa. Ndivyo ilivyo kwenye kundi la simu: wa kwanza akiandika kwamba imemliza, wa pili hatasema kwamba yeye alichoka dakika ya tatu. Unafikiri umepata maoni matano, kumbe umepata moja na mwangwi wake mara nne.

Sasa maswali. Mwanadansi na mtunzi wa dansi wa Marekani Liz Lerman alianzisha mwaka 1990 utaratibu wa kutoa maoni juu ya kazi za sanaa ambao umeenea kwenye vyuo na vikundi vingi, na mpangilio wake unafaa hapa. Wasikilizaji huanza kwa kusema kilichowagusa au kubaki nao, bila hukumu. Kisha msanii huuliza maswali yake. Kisha wasikilizaji humuuliza msanii maswali yasiyoficha maoni ndani yake. Mwisho kabisa ndipo mtu anaweza kutoa rai yake, tena baada ya kuomba ruhusa. Huhitaji kuitisha kikao ili kuufuata. Maswali manne yaliyoandikwa yanatosha. Baada ya mlio wa mwisho, ulibaki na nini? Ni dakika na sekunde gani masikio yako yalianza kutangatanga? Ni mahali gani ulitamani paendelee lakini nikaondoka? Kama ungeweza kukisimamisha kipande, ungekisimamisha wapi? Angalia kwamba maswali matatu kati ya hayo yanadai mahali, na hakuna hata moja linalouliza kama kipande ni kizuri. Mtu anaona haya kukuambia uso kwa uso kwamba kazi yako inachosha, lakini akiulizwa wapi mawazo yalihama, atataja dakika bila kujiona amekutukana.

Majibu yakirudi, yasome kwa kutenganisha vitu viwili: kile msikilizaji alichokisikia ndani ya muziki na kile kilichoamka ndani yake. Liila Taruffi na Stefan Koelsch waliwahoji watu 772 kuhusu muziki wa huzuni, katika utafiti uliotoka mwaka 2014, na hisia iliyotajwa mara nyingi zaidi haikuwa huzuni bali hamu ya mambo yaliyopita. Mtu akikuandikia kwamba amemkumbuka babu yake, au shule aliyosoma, hajatoka nje ya mada. Amekupa jibu la kawaida kabisa la binadamu kwa muziki wa aina hii. Lakini babu si wako. Usianze kubuni kipande kijacho ukimtafuta. Unachochukua ni dakika ambayo kumbukumbu ilifika, kisha unarudi kwenye rekodi kuangalia ulifanya nini hapo: pengine ulipunguza mwendo, pengine mkono wa kushoto ulinyamaza. Na anayekuuliza kama uko salama, mjibu kwanza kama mtu, kwa ukweli, halafu mrudishe kwenye swali. Baada ya hapo toa yale maandishi yako ya siku ya kwanza uyaweke kando ya majibu. Mahali ambapo watu wawili au watatu wasiojuana wametaja dakika moja na wewe pia uliiandika, amini. Mahali alipotaja mtu mmoja peke yake, hifadhi tu. Na pale walipotaja wote nawe hukupaona, hapo ndipo pana faida kubwa kuliko pote, kwa kuwa ni kitu ambacho masikio yako yenyewe yasingekuonyesha.

Wapo watakaopinga kwamba msikilizaji asiyejua muziki hana la kumfundisha mpigaji. Pingamizi hili linachanganya kueleza sababu na kutoa taarifa. Mtu asiyejua kordi hawezi kukuambia kwa nini dakika ya tatu ililegea, lakini kwamba ililegea anajua, na sababu ni kazi yako kuitafuta. Uwezo wa kusikia hisia unakwenda mbali kuliko elimu ya muziki. Thomas Fritz na wenzake walipowasikilizisha Wamafa wa milima ya kaskazini mwa Kameruni vipande vya piano vya Ulaya, muziki ambao hawakuwahi kuusikia, walitambua furaha, huzuni na hofu mara nyingi kuliko ambavyo kubahatisha kungewezesha, ingawa si kwa usahihi wa wasikilizaji wa Ujerumani. Pwani yetu imelijua hili muda mrefu. Mpiga udi au kanuni akitoa taksimu, yaani utangulizi wa kubuni papo hapo, kabla ya wimbo wa taarabu, ukumbi humjibu palepale kwa miguno na vifijo, na wengi wa wanaomjibu hawajawahi kushika ala. Mpigaji anajua ni kifungu kipi kilichowapata kwa sababu jibu limekuja juu ya kifungu chenyewe. Rekodi inayosikilizwa chumbani na mtu mmoja imepoteza ukumbi huo, na maswali ya dakika na sekunde yapo ili kuurudisha.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: maswali yaliyopangwa yanamfunga msikilizaji, na maoni ya kweli ni yale yanayotoka bila kuongozwa. Ni kweli kwamba swali baya huongoza. Ukiuliza "sehemu ya katikati ilikuhuzunisha?" umeshaweka huzuni kinywani mwake. Lakini kutouliza nako kunaongoza, kunaongoza kwenye adabu. Mtu asiyepewa njia nyingine hutumia njia aliyoizoea, na kwetu njia hiyo ni pongezi. Swali la kwanza kati ya yale manne limeachwa wazi makusudi ili mwenye la kusema kwa moyo wake aliseme kabla ya kuulizwa mengine. Anayetaka zaidi anaweza kuacha nafasi mwishoni: kuna jambo sikukuuliza?

La tatu ni la wale wanaosema kwamba kubuni papo hapo ni jambo la wakati wake, likishapita halina marekebisho, hivyo maoni ni ya nini? Evans mwenyewe hakupenda kuipiga tena "Peace Piece" mbele ya watu, na ni haki yake. Lakini kipande kupita si sawa na mpigaji kupita. Mikono ina mazoea: kifungu kinachokimbiliwa kila mara mawazo yakikauka, kordi inayofunga kila kipande, woga wa kuacha sekunde mbili za kimya. Mazoea hayo hayabaki kwenye rekodi moja, yanakufuata hadi kwenye kipande cha kesho. Kwa hiyo usirudi kukitengeneza kipande kile kile. Chukua dakika moja tu iliyotajwa na wengi, ianzishe upya kama mwanzo wa kubuni kwingine, na ukatae kwenda ulikokwenda mara ya kwanza. Kama walikuambia uliondoka mapema, kaa hapo mara mbili ya muda unaoona unatosha. Kama walitangatanga, jaribu kupiga kifungu hicho kwa mkono mmoja. Fanya hivyo kwa wiki moja kabla ya kumwomba mtu mwingine asikilize.

Liko jambo moja ambalo utaratibu huu hauwezi kulifanya, na ni vyema lisemwe wazi. Ikiwa kipande kimetoka katika msiba au maumivu ambayo bado ni mabichi, unachohitaji kwa sasa huenda ni faraja, na faraja haiombwi kwa maswali ya dakika na sekunde. Mpe anayekupenda asikilize, kaeni pamoja, basi. Kipande hakitaharibika kikisubiri miezi. Kuchanganya haja hizo mbili huwaumiza wote: msikilizaji hajui kama anatakiwa kupima au kubembeleza, na mpigaji huisikia kila dosari kama dharau kwa aliyempoteza. Kwa vipande vingine vyote, kabla hujatuma, andika kwanza maswali yako. Ukiona huna hata moja, bado huhitaji maoni, piga tena.